Bima Mbili kwa Mguu Mmoja

Vijana wangu, nasikia siku hizi mnauza bima kwa simu. Mteja anabonyeza "nakubali", anabonyeza tena "nakubali", na kabla chai yake haijapoa tayari ana bima. Siwaonei wivu. Mimi nilikuwa natoka Goma kwa pikipiki, mvua yote ya Masisi mgongoni, karatasi zimefungwa ndani ya nailoni, na nikifika naambiwa mwenye nyumba yuko shambani anapalilia maharagwe, nirudi Jumamosi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo simu yenu haiwezi kulifanya. Mteja alikuwa ananiambia mambo kwa mdomo ambayo asingeyaandika kamwe. Na mara moja, jambo kama hilo nusura limpotezee mtu mguu, na kosa lilikuwa langu.

Kabla sijafika huko, lazima niwaambie kuhusu Mama Esperansi, maana bila yeye ningekuwa naandika habari nyingine, tena ya huzuni.

Alikuwa mkuu wa madai katika ofisi yetu ya Goma. Mwanamke mfupi, koti la sufi mwilini hata jua likiwaka, penseli nyekundu imechomekwa kwenye kilemba. Mezani kwake hapakukosa hindi la kuchoma. Ndiye aliyenifundisha kazi tangu siku ya kwanza, na somo la kwanza lilikuwa kusoma hati ya bima kuanzia nyuma. Nilidhani ananitania. Akaniambia, "Deo, ukurasa ya kwanza iliandikwa na batu ba kuuzisha. Ya mwisho iliandikwa na batu ba kulipa. Sasa weye, siku ya taabu, utaenda kuona nani?" Tangu siku hiyo nasoma kila kitu kuanzia nyuma, hata kalenda, na mke wangu anasema ndiyo sababu nachelewa kila mahali.

Somo la pili nililipata kwa aibu. Nilikuwa bado kijana na nilitaka kuuza hadi mawe ya barabarani. Nikaenda Walikale, nikampata mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka unga na samaki wa chumvi kwa wachimbaji wa Omate. Nikamuuzia bima ya moto ya stoo yake. Miezi michache baadaye nikarudi nikamuuzia nyingine, ya stoo ileile! Stoo ikaungua. Yule baba alifika Goma anatabasamu, tena ameniletea mbuzi wa shukrani, maana alikuwa amehesabu kwamba stoo moja imeungua na mbili zitalipwa. Mama Esperansi alimkalisha chini, akamwagizia soda, akamweleza polepole kwamba bima inakurudisha pale ulipokuwa, haikupandishi mlima. Alilipwa stoo moja, akarudishiwa pesa ya bima ya pili, akaondoka na mbuzi wake. Mimi nilibaki kuandika barua ya kuomba radhi mara sita, kwa sababu kila nilipoimaliza Mama alikuwa anachora mstari mwekundu na kusema, "Hapa uko unajitetea. Andika tena."

Mngefikiri kwamba mtu aliyepigwa somo kama hilo hatarudia. Haya, sikilizeni sasa.

Faustin wa Muheto alikuwa mtengeneza jibini. Nyinyi mnaokula jibini ya Masisi na ndizi huko mjini, mjue kwamba nyuma ya kila duara la jibini kuna mtu aliyeamka kabla ya ng'ombe. Jibini yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba chama fulani cha watengeneza jibini wa milima ya Ulaya kilimwalika. Angekaa kwao wiki tatu ajifunze, na mwishoni wangempa zawadi ya likizo, siku chache za kuteleza juu ya theluji. Wao wanaita ski. Faustin alinionyesha picha: watu wamevaa kama mizigo, mbao mbili miguuni, wanashuka mlima huku wanacheka.

"Hii haiko kitu," akaniambia. "Miye nimeshuka na chukudu toka Mushaki mpaka Sake, na magunia tano ya muhogo. Ile mbao yabo haina hata muzigo."

Ni kweli, ujana wake wote alikuwa mtu wa chukudu, kile kipikipiki cha mbao kisicho na injini. Yakumbukeni maneno hayo, yatatufaa baadaye.

Kwa ajili ya viza alihitaji cheti cha bima ya safari. Nikatoa fomu, na kama kawaida yetu mimi ndiye niliyejaza, yeye akatia sahihi. Tukafika kwenye swali: Je, una bima nyingine kwa safari hii? Faustin akasogeza kiti.

"Kaka Deo, bale batu ba fromaji balishanilipia asiransi ingine kule kwabo. Lakini nataka na ya kwetu. Shamba moja ikipigwa na mvua ya mawe, ingine inabaki."

"Basi naandika ndiyo."

"Apana! Usiandike. Ukiandika, kila mumoja atasema, bale bengine njo bakubebe."

Nilimwelewa papo hapo, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mimi ni mtu wa Burungu. Kule kwetu kila nyumba imo katika chama cha kipoyi, machela ya miti na kamba. Mgonjwa akizidiwa, chama kinamnyanyua na kumshusha hadi barabarani au hospitali, na wewe zamu yako ikifika unabeba wa wenzako. Mwenye nyumba iliyo mpakani mwa vilima viwili huwa anajiandikisha pande zote mbili. Lakini hasemi! Akisema, siku ya ugonjwa huku watamwambia aite wale, na kule watamwambia aite hawa. Faustin alikuwa anafanya kile ambacho babu yake angefanya. Nami nikafanya kile ambacho jirani mwema angefanya. Nikaandika "Hapana". Na niwaambie kweli yote: mwezi ule nilikuwa sijafikisha idadi ya hati nilizotakiwa kuuza, na hati yake ilikuwa tamu machoni pangu.

Faustin akasafiri. Wiki tatu za jibini zilipita vizuri. Siku ya kwanza ya theluji, mwalimu alimfundisha jinsi ya kupunguza mwendo kwa kukutanisha ncha za zile mbao. Faustin aliitikia kwa heshima, maana yeye ni mtu wa heshima, lakini moyoni alikuwa ameshajua kila kitu. Sasa, anayepanda chukudu anapiga breki kwa kisigino. Kuna kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa nguvu, kinakamata. Mlima ulipozidi kuwa mkali, Faustin akasahau mwalimu na ncha za mbao. Mguu wa kulia ukarudi nyuma, kisigino kikatafuta breki. Breki haikuwepo. Mbao ilikwenda njia yake, mwili njia yake, na mguu ukabaki katikati ukivunjika juu kidogo ya kifundo, vipande vingi.

Alinipigia simu ya picha kutoka hospitali. Nilicheka aliponieleza habari ya breki, Mungu anisamehe, naye akacheka. Kisha akageuza simu nikaona mguu. Vyuma vilikuwa vinatoka nje ya ngozi, vimeshikana kama ua wa zizi. Daktari alikuwa amemweleza kwamba vile vyuma ni vya kusubiri tu. Uvimbe ukishuka, lazima afanyiwe upasuaji wa pili, mkubwa, wa kupanga mifupa. Alitoa siku za kuhesabika; ukicheleweshwa kupita hapo, mifupa itaanza kuungana ovyo, na atachechemea maisha yake yote. Na hospitali ilikuwa inataka kwanza barua ya bima inayokubali kugharamia.

"Kaka," akasema, "miye mutu wa mulima. Mukiniletea mukongojo, ng'ombe zangu nitazifuata aje?"

Basi Mama Esperansi akashika faili. Akachukua hati yetu, akaisoma kuanzia nyuma. Akaomba wenzetu wa Ulaya watume yao, akaisoma vilevile. Na hapo nilimwona, kwa mara ya kwanza, ameacha hindi lake lipoe. Ski ilikuwa imeruhusiwa katika hati zote mbili. Yetu iliitaja, ingawa hakuna mtu Goma aliyewahi kuufikia mstari ule isipokuwa yeye. Shida ilikuwa mstari mwingine. Yetu ilisema: tutalipa tu kile ambacho bima nyingine haikulipa. Yao ilisema hivyohivyo, karibu neno kwa neno. Sisi tunawangoja wao, wao wanatungoja sisi, na uvimbe wa mguu unashuka, siku zinapita.

Hapa ndipo ningependa mngekuwa mmeketi ofisini siku ile. Mama alimpigia yule dada wa kampuni ya Ulaya. Walizungumza Kifaransa, na Mama hakutaja kifungu hata kimoja cha sheria. Alimweleza habari ya kipoyi. Akamwambia: kwetu vyama viwili vikikutana mlangoni kwa mgonjwa mmoja, haviulizani nani ana haki ya kubeba. Kilichotangulia kufika kinanyanyua. Kile kingine kinapokea nusu ya njia. Atakayeanzisha ubishi mgonjwa akiwa kwenye nyasi analipa kasiksi ya watu wote, na ile pombe ya ndizi ikinywewa hakuna anayemwita jina lake kwa mwezi mzima. Hati yetu ilitolewa baada ya yao, lakini ofisi yetu ndiyo iliyoitwa kwanza na mgonjwa. Basi sisi tutanyanyua, nyinyi mtapokea nusu. Nikamsikia dada yule anacheka. Akasema ataandika kwamba wanakubali kugawana, mradi sisi tuanze.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona mawakili wenye majoho wakishindwa kufanya kile ambacho mwanamke yule alikifanya kwa simu moja. Nilijivuna utadhani mimi ndiye niliyesema.

Furaha ilidumu siku moja. Kinshasa, makao makuu yetu, walitaka kuona fomu kabla ya kutoa barua. Wakaona "Hapana". Wakaandika kwamba mteja ameficha bima nyingine, kwa hiyo hati yake inafutwa. Wale wa Ulaya nao wakasema wao hawasogei mpaka sisi tumalize mambo yetu. Siku ambazo daktari alikuwa ametoa zilikuwa zimebaki chache.

Kinshasa wakampigia Faustin kitandani kumhoji. Je, wakala wenu alijua kuhusu bima ya pili? Hebu fikirini, vijana. Akisema "ndiyo, nilimwambia", ameokoka. Maana katika kazi yetu sikio la wakala ni sikio la kampuni; mteja akimwambia wakala, amekwisha kuiambia kampuni, na kampuni haiwezi kudai kwamba ilifichwa. Faustin hakuijua sheria hiyo. Alijua kitu kimoja tu, kwamba Deo ana mke na watoto wanaosoma, na akisema kweli Deo atafukuzwa. Akajibu, "Apana. Sikumuambia. Ni miye mwenyewe nilificha."

Maelezo yake yaliletwa kwa kompyuta. Mama Esperansi aliyachapisha, akaniita, akayaweka mezani kando ya ile fomu.

"Deo. Fomu yote iko mukono yako. Alikuambia, ao hakukuambia?"

Nikasema, "Mama, Faustin mwenyewe amesema hakuniambia."

"Sikuuliza Faustin."

Sitajipamba. Nilitazama dirishani. Niliwaza ada ya shule. Niliwaza miaka yangu iliyobaki kufikia pensheni, ilikuwa inahesabika kwa vidole. Niliwaza hata kwamba Faustin amechagua mwenyewe, tena ni mtu mzima. Mama hakunitisha wala hakunihubiria. Alitoa karatasi nyeupe, akaiweka mbele yangu, akainuka na kutoka nje kununua mahindi. Aliniacha peke yangu na karatasi ile, na mpaka leo sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mkubwa wa kazi anaweza kumpa mtu aliyekosa.

Niliandika mistari minne. Kwamba Faustin aliniambia kwa mdomo wake. Kwamba nilijua. Kwamba niliandika "Hapana" kwa mkono wangu. Jina na sahihi. Mama aliporudi alisoma akiwa amesimama. Nilingoja penseli nyekundu. Haikutoka kwenye kilemba. Akasema, "Leo haujajitetea," akaituma.

Kesho yake Kinshasa wakapiga simu. Mama aliweka sauti wazi ili nisikie. Mkubwa wa huko alikuwa amekasirika kwa Kifaransa chake chote: maelezo mawili yanapingana, mmoja kati ya watu hawa ni mwongo, ni nani? Mama Esperansi alimjibu kwa utulivu, na namna alivyonisimulia baadaye kwa lugha yetu ni hivi:

"Nilimuambia, Patron, mutu anadanganyaka juu apate faida. Huyu mumoja anasema kitu kenye kitamupotezea muguu. Huyu mwingine anasema kitu kenye kitamupotezea kazi. Katika miaka yangu yote sijaona faili kama hii. Tunaweza kutafuta mwongo kisha. Tubebe mugonjwa kwanza."

Barua ya kukubali ilitoka mchana huohuo. Faustin akapasuliwa kabla siku za daktari hazijaisha, na wale wa Ulaya wakalipa nusu yao bila neno.

Nami nikasimamishwa miezi mitatu bila mshahara. Ilikuwa haki. Ningefukuzwa kabisa, lakini Mama aliandika barua kwamba mafunzo yangu yalikuwa mikononi mwake, na kama kuna mtu wa kufukuzwa waanze na yeye. Hakuniambia kamwe. Niliambiwa na katibu.

Kwa hiyo mjifunze: swali la bima nyingine liulizeni mara tatu, tena kwa maneno ya nyumbani. Jibu liandikwe kwa mkono wa mteja mwenyewe, hata kama mwandiko wake ni mbaya kuliko wa kuku. Akisita, wekeni kalamu chini, mumwulize anaogopa nini. Mwambieni kwamba bima mbili zilizotajwa zinaweza kushikana mkono, na kwamba ile iliyofichwa ndiyo inayomwangusha. Na anayekwenda kwenye michezo asiyoijua, mwulizeni kwao wanapiga breki namna gani. Msicheke, ni swali zuri.

Miezi ile mitatu nilikwenda Burungu kulima. Asubuhi moja, mwezi wa tatu ukielekea kuisha, nilikuwa nimeinama kwenye maharagwe, juu kabisa ya kilima, pale ambapo hata mbuzi wanapumzika mara mbili kabla ya kufika. Nikasikia jina langu linaitwa kutoka chini. Alikuwa Faustin, kofia kichwani, duara la jibini chini ya kwapa. Akapanda polepole mpaka aliponifikia. Tukasalimiana kwa kugusanisha vichwa, huku na huku na huku tena, tukakaa.

"Kaka Deo, kwa nini ulisema kweli?"

"Na weye, kwa nini ulisema bongo?"

Tulikata jibini kwa panga, tukala. Aliniambia habari za theluji, na jinsi maziwa ya kule yalivyo mazito lakini hayana harufu ya majani. Jua lilipoanza kupanda akasema arudi kwake, ng'ombe hawajui habari za wageni.

Nikatoa simu. "Ngoja nikuitie motari, akuchukue kwa pikipiki pale barabarani."

"Ya nini?" akasema. "Nilikuja na miguu toka Muheto. Narudi na miguu."

Akaanza kushuka kilima, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, bila fimbo. Nilimtazama mpaka alipofika bondeni na kuanza kupanda mwinuko wa pili. Kisha mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikakaa chini katikati ya maharagwe na kulia.